Fumbo la Siku: Shajara ya Mradi wa Shule, Muhula wa Kwanza

Januari, juma la kufungua shule

Mradi wa Fumbo la Siku umeanza rasmi katika shule yetu ya sekondari ya kata, wilayani Muheza. Kila siku ya masomo, kabla ya kengele ya mstarini, fumbo moja litabandikwa kwenye ubao wa matangazo ulio karibu na ofisi ya walimu, na jibu lake litabandikwa kesho yake wakati kama huo. Fumbo linaandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi ya manila, kwa herufi kubwa zinazosomeka hata na aliyesimama nyuma ya wenzake. Chini ya ubao pamewekwa sanduku la mbao ambamo kila anayetaka atatumbukiza jibu lake. Sharti ni moja tu: jibu lisiloambatana na maelezo ya namna lilivyopatikana halitasomwa, hata likiwa sahihi.

Sharti hilo ndilo roho ya mradi wote, na ni vyema sababu yake iandikwe hapa mapema. Wanafunzi wetu wengi wamesoma hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kisha wanapoingia Kidato cha Kwanza wanaikuta hisabati ile ile ikifundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba wengi wao hukariri kanuni na kuitumia, lakini ukiwauliza kwa nini kanuni hiyo inafanya kazi, hunyamaza. Jioni uwanjani, wanafunzi hao hao hubishana kuhusu bao lililokataliwa kwa hoja, kwa ushahidi na kwa mifano, wala hakuna anayekosa la kusema. Nataka kwa dakika chache za kila siku wafikiri juu ya idadi, umbo na mantiki katika lugha ile wanayobishania.

Kuhusu uchaguzi wa mafumbo nimejiwekea mipaka miwili. Fumbo lisihitaji kanuni yoyote ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hajaipata, ili mdogo asimwogope mkubwa mbele ya ubao. Na lisiwe la kubahatisha, yaani aliyelipata aweze kumthibitishia mwenzake kwamba amelipata.

Januari, juma la tatu

Tumeanza na vitendawili, kwa sababu hapo hakuna mgeni. Mtegaji husema "Kitendawili!", wasikilizaji huitika "Tega!", na wakishindwa humpa mji kabla hajafichua jibu. Nimeuchukua utaratibu wa mji na kuuingiza katika mradi: anayeshindwa fumbo la siku anaweza kuandika jina la mji kwenye karatasi yake na kuitumbukiza sandukuni, nami kesho yake mstarini natangaza miji niliyopewa na namna nilivyokwenda kustarehe huko. Naona wazee wetu walikuwa na busara kubwa ya ualimu katika jambo hili. Kushindwa kunakiriwa hadharani, kuna gharama yake ndogo, na gharama hiyo inalipwa kwa kicheko, kwa hiyo mtoto haoni haya kurudi tena kesho.

Hata hivyo vitendawili vilivyozoeleka vina upungufu mmoja kwa kazi hii. "Nyumba yangu haina mlango" kila mtu anajua ni yai, na "Kuku wangu katagia miibani" kila mtu anajua ni nanasi. Anayejibu anakumbuka, hafikiri. Kwa hiyo tangu Jumatano ubao umegeuzwa: nabandika jina la kitu cha siku hizi, wao wanatunga kitendawili chake. Kwa taa ya sola, mwanafunzi wa Kidato cha Pili alileta hiki: "Mchana hula jua, usiku hulitapika." Kwa simu kililetwa hiki: "Akinyimwa chakula hufa, akipewa hufufuka." Kutunga kumewalazimisha kuchagua sifa ipi ya kitu itamwongoza msikilizaji na ipi itampoteza bila kumdanganya, na hiyo ndiyo kazi anayoifanya kila mtunzi wa fumbo la hesabu.

Siku ya mwisho ya juma tuliingia kwenye hesabu. Daftari na kalamu kwa pamoja vinauzwa shilingi 1,100, na bei ya daftari imeizidi bei ya kalamu kwa shilingi 1,000. Je, kalamu ni shilingi ngapi? Sanduku lilijaa jibu la shilingi 100. Fumbo hili lina historia: Shane Frederick, mtafiti wa Marekani, aliliweka mwaka 2005 katika jaribio fupi la kupima kama mtu hulikagua jibu la kwanza linalomjia, yeye akitumia gongo la kupigia mpira na mpira wenyewe, na hata wanafunzi wa vyuo vikuu vinavyosifika walikosea kwa wingi. Niliposoma majibu mstarini sikusema ni makosa. Niliwaomba wajumlishe tu. Kalamu ikiwa 100, daftari ni 1,100, na vyote viwili ni 1,200. Manung'uniko yaliyofuata yalinifurahisha sana. Maelezo bora yalitoka kwa msichana wa Kidato cha Kwanza ambaye hakutumia aljebra kabisa: ukiitoa ile 1,000 ya ziada, daftari na kalamu zinakuwa na bei sawa, na shilingi 100 iliyobaki inagawanywa mara mbili, kwa hiyo kalamu ni shilingi 50.

Februari, juma la kwanza

Fumbo la Jumatatu lilikuwa la mvushaji, na limechukua juma lote kwa sababu halikukubali kuisha kwa siku moja.

Mtu yuko ukingoni mwa Mto Pangani upande wa Bweni, ana chui, mbuzi na mzigo wa majani, na mtumbwi wake unamchukua yeye na kimoja tu kati ya hivyo vitatu. Akimwacha chui na mbuzi bila yeye, mbuzi ataliwa; akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Avushe vipi? Ulaya fumbo hili limo katika mkusanyiko wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin, mwanachuoni wa karne ya 8, likiwa na mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, na jamii kadhaa za Afrika zina matoleo yao yenye wanyama na mazao ya kwao.

Wengi walianza vyema kwa kumvusha mbuzi kwanza, kisha wakakwama: ukimfuatisha chui, mbuzi yuko hatarini upande wa pili, ukifuatisha majani, majani yako hatarini. Walikwama kwa kuwa waliamini kilichokwisha kuvushwa hakirudi. Kikundi kimoja kilipoamua kuchora mto kwa chaki sakafuni na kutumia kifutio, kipande cha chaki na jani la mwembe, mmoja wao alimrudisha mbuzi kwa hasira ili aanze upya, na wenzake wakamzuia mkono: wameliona jibu. Anavushwa mbuzi, anavushwa chui, anarudishwa mbuzi, yanavushwa majani, kisha mbuzi anafuatwa tena. Mto unavukwa mara 7, kwenda na kurudi zikihesabiwa zote.

Siku iliyofuata niliuliza swali ambalo kwangu ni zito kuliko fumbo lenyewe: je, mtumbwi unaweza kuuvuka mto chini ya mara 7? Hapa ndipo maelezo yalipoanza kuwa uthibitisho. Vitu ni vitatu, na kila safari ya kwenda inachukua kimoja; kama hakuna kinachorudishwa, zinatosha safari tatu za kwenda na mbili za kurudi, jumla 5. Lakini wa kwanza lazima awe mbuzi, kwa kuwa akiachwa atakula au ataliwa. Wa pili, akiwa chui au majani, atamkuta mbuzi upande wa pili, na mvushaji akirudi mikono mitupu anawaacha wawili wasiopatana. Kwa hiyo lazima kitu kimoja kirudi angalau mara moja; kikirudi kimoja, safari za kwenda zinakuwa nne na za kurudi tatu. Hoja hii iliandikwa na wanafunzi wenyewe, kwa Kiswahili, kwenye ukurasa mmoja wa daftari, nami niliibandika ubaoni kama ilivyo bila kuisahihisha hata herufi. Mwalimu wa Kidato cha Nne ameniomba nakala ili aitumie anapofundisha maana ya "lazima" na "yatosha" katika mantiki.

Februari, juma la pili na la tatu

Majuma haya mawili yamekuwa ya hesabu za herufi, na ndiyo sehemu ya mradi ninayoipenda zaidi kufikia sasa, kwa kuwa mafumbo yametoka katika majina ya namba za Kiswahili yenyewe. Masharti ni haya: kila herufi inasimama badala ya tarakimu moja, herufi mbili tofauti haziwi tarakimu moja, na herufi inayoanza neno haiwi sifuri.

Fumbo la kwanza: TANO + TANO = KUMI. Kwa makusudi sikusema kama jibu ni moja au ni mengi. Ndani ya siku moja sanduku lilikuwa na 1485 + 1485 = 2970, na 3485 + 3485 = 6970, na 4853 + 4853 = 9706, na kila mwenye jibu lake alidhani wengine wamekosea. Waliposimamishwa pamoja mbele ya ubao na kuambiwa kila mmoja akague jibu la mwenzake, ilibidi wakubali kwamba wote wako sahihi. Kwa vijana waliozoea mtihani wenye jibu moja la kuwekewa alama ya vema, hilo lilikuwa jambo geni, na baadhi yao waliona kama wamedhulumiwa. Niliwaeleza kwamba mtunzi anayetaka jibu moja hana budi kuongeza sharti, nikaongeza: itafutwe TANO iliyo ndogo kuliko zote.

Hapo kubahatisha kulikoma, kwa kuwa anayedai kwamba namba yake ndiyo ndogo kabisa anapaswa kueleza kwa nini hakuna iliyo chini yake. Njia waliyoifikia ni hii. T iwe 1, basi K ni 2 au 3. A haiwezi kuwa 0, kwa sababu U ingekuwa 0 au 1, na zote zimekwisha kutumika. Haiwezi kuwa 1, ambayo ni T. Haiwezi kuwa 2, kwa sababu K nayo ingekuwa 2. A ndogo inayobaki ni 3, na K inakuwa 2. Tukija kwenye N, 0 ingeifanya M iwe 0 au 1, na 1, 2 na 3 zimechukuliwa, kwa hiyo N ni 4. O haiwezi kuwa 0 kwa kuwa I nayo ingekuwa 0, na tarakimu za 1 hadi 4 zimeshapata wenyewe, kwa hiyo O ni 5 na I ni 0. Jibu ni 1345 + 1345 = 2690, na chini ya hapo hakuna. Niliposoma hoja hii mstarini, kijana mmoja aliuliza kama na ile iliyo kubwa kuliko zote inaweza kutafutwa kwa njia hiyo hiyo. Nimemwachia yeye kazi hiyo, naye anaendelea nayo.

Fumbo la pili ni fupi: NNE + NNE = NANE. Linavutia kwa sababu sentensi yenyewe ni kweli, na ndiyo maana wanafunzi walilitafutia jibu kwa siku mbili wakiamini kwamba lazima lipo. Halipo. Namba mbili za tarakimu tatu zikijumlishwa hazifiki 2,000, kwa hiyo N inayoanza NANE ni 1. Lakini N ikiwa 1, NNE haifiki 120, na maradufu yake haifiki 240, haiwezi kuwa namba ya tarakimu nne. Nilisubiri kwa hamu kuona ni nani atakayethubutu kuandika "hakuna" na kulitetea neno hilo. Walithubutu wawili, mmoja wao akiwa mwanafunzi ambaye mwalimu wake wa darasa alinieleza mwanzoni mwa mwaka kwamba hisabati haimwingii. Karatasi yake ilikuwa na mistari mitatu tu, na yote mitatu ilikuwa sahihi.

Tulimalizia na lile la kuhesabu herufi. Chagua namba yoyote, iandike kwa maneno, hesabu herufi zake, kisha fanya hivyo hivyo kwa namba uliyoipata. Ukianza na 12, "kumi na mbili" ina herufi 11, "kumi na moja" ina 10, "kumi" ina 4, "nne" ina 3, "tatu" ina 4, na kutoka hapo unazunguka kati ya nne na tatu bila kutoka. Kila namba tuliyoijaribu iliishia humo. Sababu ni kwamba kuanzia 5 kwenda juu, jina la namba katika Kiswahili lina herufi chache kuliko namba yenyewe, kwa hiyo kila hatua inashuka mpaka ifike 4 au chini yake. Na 1, 2 na 3 nazo zinaelekea huko huko. Katika Kiswahili hakuna namba ambayo idadi ya herufi za jina lake ni sawa na yenyewe.

Februari, mwisho wa mwezi

Nimekaa na walimu wenzangu wawili kuutazama mradi. Lililojitokeza wazi ni kwamba majibu mengi yalikuwa yakiletwa na wanafunzi wale wale, na wengine walikuwa wakingoja kusikia. Tumebadilisha mambo mawili. Sasa jibu linaweza kuletwa na kikundi cha watu wasiozidi wanne, na anayesimama kueleza mstarini anachaguliwa kwa kura ya bahati miongoni mwa kikundi, kwa hiyo hakuna anayeweza kujificha nyuma ya mwenye kujua. Pia orodha ya washindi imeondolewa ubaoni. Mahali pake panabandikwa maelezo bora ya siku, pamoja na jina la kikundi.

Lilizungumzwa pia suala la zawadi. Mzazi mmoja alijitolea kutoa fedha kidogo kwa mshindi wa kila juma, nami nikamwomba kwa heshima atununulie karatasi za manila badala yake. Fedha ingeligeuza sanduku kuwa bahati nasibu, na mwenye jibu angelificha mwenzake asilione, ilhali tunachokitaka ni jibu lielezwe.

Mwenzangu mmoja aliuliza kama tunaweza kuwaambia wazazi kwamba mafumbo yanaongeza akili. Nilishauri tusiseme hivyo. Mwaka 2016 mwanasaikolojia Daniel Simons na wenzake walichapisha mapitio mapana ya tafiti kuhusu programu zinazouzwa kama mazoezi ya ubongo, na walichokuta ni kwamba mtu huwa hodari zaidi katika zoezi lile lile alilojizoeza, huku ushahidi wa faida kuenea hadi kwenye mambo mengine ya maisha ukiwa mdogo. Tunachoweza kukisimamia ni kile kinachoonekana kwenye karatasi za sandukuni: wanafunzi wanazidi kuandika "kwa sababu" na "kwa hiyo", na wanakagua jibu kabla ya kulikunja. Hilo linatosha kuutetea mradi.

Machi, juma la kwanza

Juma la kuchora bila kuinua kalamu. Mchoro wa Jumatatu ulikuwa mraba wenye mistari miwili inayokatiza kona kwa kona, na wa Jumanne ulikuwa huo huo ukiwa umeongezewa paa la pembetatu juu, kama nyumba. Uchorwe kwa mkupuo mmoja, bila kupita mstari mmoja mara mbili. Nyumba inachorika ukianzia kona ya chini. Mraba usio na paa hauchoriki kabisa, na karatasi nyingi zilichafuliwa kabla ya jambo hilo kukubalika.

Kanuni yake ilitolewa na mwanahisabati Leonhard Euler, aliyeiwasilisha mjini St. Petersburg mwaka 1735 akijibu swali la madaraja saba ya Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad. Hesabu mistari inayokutana katika kila kona: kona zenye idadi witiri zikiwa mbili au zisiwepo kabisa, mchoro unachorika, zikizidi, hauchoriki. Sababu inaeleweka na kila mtoto: kila ukiingia katika kona kwa mstari mmoja unahitaji mwingine wa kutokea, isipokuwa mahali unapoanzia na unapoishia. Mraba wenye mistari ya kukatiza una kona nne, na kila moja inakutanisha mistari mitatu.

Nilihakikisha kwamba hadithi haiishii Ulaya. Mwanzoni mwa karne ya 20 Emil Torday, mtafiti kutoka Hungaria, alipokuwa miongoni mwa watu wa jamii ya Kuba huko Kongo, aliwakuta watoto wakichora mchangani na akatakiwa naye achore mchoro wao kwa mkupuo mmoja bila kuinua kidole. Kwake kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwao ilikuwa mchezo. Wachokwe wa Angola nao wana michoro ya mchangani iitwayo sona, inayochorwa kwa mstari usiokatika unaozunguka nukta, ambayo mwanahisabati Paulus Gerdes aliitafiti kwa miaka mingi akiwa Msumbiji. Siku mbili zilizofuata mchanga wa mbele ya darasa ulijaa nukta na mistari, na ilinibidi nimwombe mwalimu wa zamu aahirishe kufagia.

Machi, kabla ya likizo fupi

Mafumbo ya vipimo. Kupata lita 4 kwa dumu la lita 5 na dumu la lita 3 kulimalizwa kabla ya saa ya chai, kwa kuwa wengi wao huchota maji nyumbani. Lililowasimamisha ni lile la kesho yake: kupata lita 4 kwa dumu la lita 9 na la lita 6. Haiwezekani, kwa sababu kila unachoweza kukipata kwa kujaza, kumimina na kumwaga ni kigawe cha 3.

La mizani lilihitaji juma zima. Muuza nafaka ana mizani ya sahani mbili na anataka kupima kila uzito wa kilo kamili kuanzia 1 hadi 40. Je, mawe yasiyopungua mangapi yanamtosha? Wote walifikiria kuweka mawe upande mmoja na nafaka upande mwingine, na kwa njia hiyo yanahitajika mawe 6: ya kilo 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Lakini jiwe likiruhusiwa kukaa pamoja na nafaka, yanatosha manne tu: la kilo 1, la 3, la 9 na la 27. Kilo 5, kwa mfano, hupimwa kwa kuweka 9 upande mmoja, na nafaka pamoja na 3 na 1 upande wa pili. Mfaransa Bachet alilichapisha fumbo hili mwaka 1612. Wanafunzi walitengeneza jedwali la uzito wote 40, na limebandikwa katika darasa la Kidato cha Pili.

Aprili

Fumbo la vikombe vitatu. Kete moja ya bao imefichwa chini ya kikombe kimoja. Unachagua kikombe, kisha aliyeficha, ambaye anajua ilipo, anakifunua kimoja kati ya viwili vilivyobaki kisicho na kete, na kukuuliza kama unataka kubadilisha. Ubadilishe au ubaki? Mwandishi Marilyn vos Savant alipolijibu swali la namna hii katika safu yake ya jarida nchini Marekani mwaka 1990, akiwa na milango badala ya vikombe, aliandikiwa barua nyingi sana za kumpinga, zikiwemo za wasomi wenye shahada za uzamivu, naye ndiye aliyekuwa sahihi: ubadilishe.

Hapa maneno peke yake hayakutosha, na sikutaka wakubali kwa sababu mwalimu amesema. Walikaa wawili wawili, mmoja akificha na mwingine akichagua, nusu ya darasa ikibadilisha daima na nusu ikibaki daima, na matokeo yakaandikwa ubaoni. Waliobadilisha walishinda karibu mara mbili ya waliobaki. Baada ya hapo ndipo hoja iliposikilizwa: kubadilisha kunashindwa pale tu ulipokuwa umechagua sahihi tangu mwanzo, na hiyo ni mara moja katika tatu. Mwanafunzi aliyekuwa mbishi kuliko wote alisadiki alipoambiwa avione vikombe kuwa 100, na aliyeficha afunue 98 vitupu.

Fumbo jingine lililostahili kuandikwa lilikuwa la saa ya ukutani: inapotimia saa tisa na robo alasiri, mishale miwili imeachana kwa nyuzi ngapi? Jibu lililojaa sandukuni lilikuwa sifuri, kwa kuwa wanaona mishale yote miwili ikielekea kwenye tarakimu 3. Mshale mfupi hausimami. Kwa saa moja unatembea nyuzi 30, na katika robo saa umekwisha kutembea nyuzi 7.5.

Mei

Mwezi huu wanafunzi ndio watungaji, na mimi ni mkaguzi tu. Tumechagua sudoku ndogo ya miraba minne kwa minne, inayochorwa kwa rula katika dakika moja: kila mstari, kila safu na kila kijisanduku cha miraba minne kiwe na tarakimu 1 hadi 4. Sudoku kubwa ya tisa kwa tisa, kwa sura yake ya sasa, ilitungwa na Mmarekani Howard Garns na kuchapishwa mwaka 1979, kisha ikapewa jina lake Japani. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake, kwa kutumia kompyuta, walithibitisha kwamba haiwezi kuwa na jibu moja pekee kama tarakimu zilizotolewa ni chini ya 17. Kwa ile ndogo, idadi hiyo ni 4. Niliwapa changamoto ya kufikia hizo nne, na kwa mara ya kwanza wakajionea kwamba kutunga fumbo lenye jibu moja tu ni kazi ngumu kuliko kulifumbua. Waliyojifunza kwa TANO na KUMI yaliwafaa: kabla ya kubandika, kila kikundi kinamtafuta asiye wa kikundi ajaribu kupata jibu la pili.

Ukaguzi wangu una maswali matatu: je, maneno ya fumbo yanaeleweka kwa namna moja tu, je, jibu linathibitika, na je, mtunzi mwenyewe anaweza kulieleza bila kutazama karatasi. Mafumbo yanayorudishwa ni mengi, na hakuna mtunzi aliyekata tamaa kwa kurudishiwa.

Kwa muhula wa pili tumekubaliana kuanza na mnara wa Hanoi, fumbo la Mfaransa Édouard Lucas la mwaka 1883. Viduara vitakatwa kutoka kwenye maboksi na vijiti vitatu vitasimikwa kwenye ubao. Rundo zima lihamishwe kutoka kijiti kimoja hadi kingine, kiduara kimoja kwa wakati mmoja, na kikubwa kisilale juu ya kidogo. Viduara vitatu vinahitaji hatua 7, vinne 15, vitano 31. Kidato cha Pili kimepewa kazi ya kueleza, kabla ya shule kufunguliwa, kwa nini kila kiduara kinachoongezwa kinaifanya idadi ya hatua kuwa mara mbili na moja zaidi. Maelezo yaletwe kwa maandishi, na sanduku litafunguliwa siku ya kwanza ya muhula.